Kitabu cha Kanga Ulivyokuwa Unakimaliza

Shikamoo Mama Kabula,

Najua hutaitikia. Lakini miaka kumi na moja nimeanza siku kwa kukuamkia mlangoni pa darasa lako, na mdomo haujajifunza kuacha. Siku hizi darasa lako ni langu pia. Mwalimu Mkuu aliniambia nilishike hilo la pili kwa muda tu, mpaka aletwe mwalimu mwingine. Huo muda ndio huu. Tulikuzika kwenu Didia pamba haijavunwa, sasa watu wanalima tena, na mimi bado nakimbia kati ya la pili lako na la nne langu, hawa nawaacha wananakili, nikirudi nawakuta wanapigana. Nimechoka, dada. Nikilala naamka nao, uchovu wenyewe, kama tumelala kitanda kimoja.

Watu waliniona. Mama mmoja wa kanisani kwenu akanishauri ninunue vitabu vya kutia moyo, akasema vilimsaidia alipofiwa na mumewe. Basi nikaenda kwa yule kijana anayepanga vitabu juu ya turubai pale stendi ya Buseresere, nikachukua vitatu. Vyote vina picha ya mwanamume wa suti amekunja mikono, anakutazama kama umemkosea. Nimevisoma vyote, ukurasa kwa ukurasa, unanijua. Kimoja kinasema watu waliofanikiwa huamka saa kumi alfajiri. Mimi saa kumi niko kisimani, mafanikio sijayakuta huko. Kingine kinasema kila tatizo ni mlango. Nikajumlisha matatizo yangu nikaona nina nyumba yenye milango mitupu, haina ukuta hata mmoja. Cha tatu kilitaka niandike ninachokitaka zaidi maishani. Nikaandika: kulala. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu, halafu ungeniambia, "Zuhura, wewe wa Tanga una maneno."

Nikaviweka chini, nikaanza kusoma vya kabatini kwako.

Vile vyembamba vya watoto, vya picha, ulivyovibandika gundi migongoni. Nilivisoma baada ya vipindi, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti juu. Sikutegemea kitu, na humo ndimo nilipopumua kidogo. Havinisukumi popote. Mbuzi amepotea, anatafutwa, basi. Nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kifaranga cha kanga aliyepotezana na mama yake kwenye shamba la mtama. Anauliza kila mnyama, hakuna aliyemwona. Ukurasa wa mwisho mwenye shamba anamwambia ukweli: mama yako alinaswa, akapelekwa mnadani, harudi. Kifaranga analia, kisha kanga wengine wanamchukua, analala katikati yao. Nikasema hiki nitawasomea Alhamisi.

Mama Kabula, ningejuaje? Kila Alhamisi nilikuwa nasikia darasa lako zima likilia kama kanga, nagonga ukuta kwa rula mnyamaze. Nilidhani unawachezesha tu. Ulikuwa unasoma sentensi kwa Kiswahili halafu unamwaga Kisukuma kirefu, na mimi miaka yote hii nimeambulia salamu tu.

Nikasoma kama kilivyoandikwa. Nilipofika "harudi", mikono ikapanda juu. Kisha mmoja akasema, kwa adabu kabisa, kwamba nimekosea, mama anarudi. Wengine wakadakia: Mama Kabula alisema anarudi, anasikika mbali upande wa pili wa mtama, na sisi tunamwita mpaka afike. Nikawaonyesha ukurasa. Wakatazama picha, wakanitazama mimi, wakangoja nipige mlio.

Hapo ndipo nilipokasirika, na nitakwambia kwa nini, maana barua ya uongo haina faida. Sikuwakasirikia wao. Nilikukasirikia wewe. Ulinipigia simu kutoka hospitali Mwanza mara ngapi? Ulisema ni vidonda vya tumbo tu. Dawa zinafanya kazi. Jumatatu niko darasani, usiwaache wanangu wasahau silabi. Jumatatu ile ikapita, ukasema Jumatatu nyingine. Wewe ulikuwa unajua na madaktari walikuwa wanajua. Nikaona hata watoto umewafanyia vilevile, na nikawaambia, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo:

"Aliyekufa harudi. Msidanganywe."

Minza alikuwa dawati la mbele. Minza wako, yule uliyekuwa unamkalisha karibu ili umfunge vifungo vya sare. Wewe unajua habari za baba yake, mimi nilikuwa nazijua nusunusu: duara, shimo la dhahabu, lilititia kule machimboni Geita, wachimbaji wenzake watatu wakatolewa, yeye hakupatikana. Hakuna jeneza wala kaburi lililochimbwa pale kwao. Mtoto akafunga daftari lake. Ijumaa hakuja, wiki iliyofuata hakuja.

Alhamisi ilipofika nikaenda kwao. Bibi yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kigoda, nikamwamkia kwa Kisukuma changu kibovu. Nikamweleza nilichosema. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mtoto amekataa shule na hataki kusema sababu, na kwamba yuko nyuma ya nyumba anamenya karanga.

Nikaenda nikachuchumaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, hata moja la kwenye vile vitabu vya suti nilikuwa nalo mdomoni. Yote nikayaacha. Nikamwomba msamaha, mimi mwalimu, kwa mtoto wa darasa la pili. Nikamwambia sikupaswa kusema vile. Akaendelea kumenya. Kisha akasema, taratibu, kama ananifundisha hesabu ndogo:

"Najua baba harudi, Mwalimu. Hata Mama Kabula alikuwa anajua. Tulikuwa tunamwita tu."

Nilimenya naye karanga mpaka bakuli likajaa.

Njiani nikalia, dada. Kule Didia, siku ya mazishi, sikulia. Niliwapikia watu, nikaosha masufuria, nikawaambia wenzetu kwamba ningekuja Mwanza kukuona kama ungeniambia ukweli. Huo ndio uongo wangu, na ni mkubwa kuliko wako. Nilijua. Tangu simu ya kwanza, sauti yako ilipokuwa inatafuta pumzi katikati ya "Jumatatu", nilijua. Nilikuamini kwa kuwa ilinifaa kukuamini. Mitihani ilikuwa karibu, na nilikuwa naogopa kukuona umelala. Ulinipa mahali pa kujificha nikajificha, halafu nikakukasirikia miezi yote hii eti ulinificha. Nisamehe. Inaniuma, na nimeamua isiache kuniuma upesi.

Minza alirudi Jumatatu. Alhamisi yake nikakichukua tena kitabu cha kanga. Nilisoma mpaka neno la mwisho kama lilivyo, mama amenaswa, harudi, kwa sababu mimi ni mimi na siwezi kusoma kisichoandikwa. Kisha nikakifunga na kuwauliza Mama Kabula alikuwa anafanyaje hapa. Wakanifundisha. Mlio wangu ulikuwa mbovu, wakacheka sana, Minza naye akacheka. Kisha wakaita, wote, na sikugonga chochote.

Bado nimechoka. Usidhani barua hii imeniponya. Mwalimu mpya hajaletwa, chaki zimekwisha, na vitabu vya suti nimempa mlinzi, anasema ni vizuri sana. Lakini nakuahidi mawili. Sitamwambia tena mtoto neno kama lile, hata nikiwa na hasira ya kufa mtu. Na shule zikifungwa napanda basi nakuja Didia, peke yangu, bila sufuria za kuosha za kujificha nyuma yake. Nitasimama pale tulipokulaza, nikuite kwa jina ulilopewa na mama yako, ambalo kwa heshima sijawahi kulitamka: Milembe.

Sitangoja uitikie. Nitakuita tu.

Pumzika, dada yangu.

Zuhura