Usitafute Pembe Nyingine

Whitehall, Columbus

Kwa dada yangu Dafroza,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini theluji ya huko Lackawanna imewaachia angalau mlango wa kutokea. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaongea wewe tu, mimi nikitafuta neno unauliza kama nimelala. Shule yangu unajua iliishia wapi kule kambini, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Dada, nimechoka na mambo ya pembe. Mama alipokwambia pembe yake ya kuumikia imepasuka, haishiki tena mwilini mwa mtu, ukanipigia mimi, utadhani Ohio pembe zinauzwa kwenye vituo vya mafuta. Nikamfuata Kamanzi wa kwaya siku walipokwenda shambani kununua ng'ombe wa harusi. Wenzangu wote wanataka nyama, mimi nataka pembe. Mwenye shamba alinitazama sana. Kamanzi alinitania njia nzima, eti nimekuwa mganga, nianze kuvaa ngozi. Nikaichemsha ili kiini kitoke, jengo zima likanuka, meneja akaja kugonga mlango. Nikakata ncha, nikatoboa kitundu, nikasugua mdomo wake kwenye simenti mpaka ukakaa sawasawa. Nikapanda basi hadi Louisville kwa mama.

Mama alifurahi. Mama Gracieuse, jirani yake, alikuwa pale anasubiri, bega linamuuma. Mama akaweka pembe begani, akanyonya kwenye kitundu, akasukuma nta kwa ulimi ili azibe. Ikadondoka. Akarudia, ikadondoka. Akasema hata hii imepasuka, vijana wa siku hizi hamjui kuchagua kitu. Mbele ya mgeni, dada! Na wewe jioni ile ile ukanigombeza, eti nimeokota takataka, utatafuta mwenyewe huko Lackawanna.

Ngoja nikwambie kitu cha kazini. Pale ghalani kuna mashine ya kunyanyulia maboksi, mwishoni ina kikombe cha mpira kama mdomo. Unakigusisha juu ya boksi, kinanyonya, boksi linapanda. Mimi nilidhani inavuta kama mtu anavyovuta kamba. Cikuru, Mkongo ninayefanya naye kazi, alinicheka. Akasema, bon, weye unawaza hewa ni kitu ya bure? Akanieleza kwamba hewa ina uzito, inatukandamiza kila upande, sema hatuisikii kwa sababu na ndani yetu imo, inasukuma kurudi nje. Mashine ikitoa ile ya ndani ya kikombe, ya nje inakosa wa kushindana naye, ndiyo inayolisukuma boksi na kulibana pale. Kwa hiyo boksi likidondoka, ama kuna tundu hewa inapenya, ama pampu imechoka, haitoi hewa ya kutosha. Cikuru anaanza na tundu. Anapitisha kipande cha nailoni pembeni ya mpira, penye tundu nailoni inanaswa.

Basi Jumapili, bado niko kwa mama, nikasema tumbo linaniuma, mama akaenda kanisani peke yake. Nikachukua ile pembe yake ya zamani, nikaiweka pajani, nikanyonya, nikaziba kwa nta. Ilishika! Nikaivuta, ngozi ikaja nayo. Nikatembea nayo sebuleni. Nikajaribu na ile mpya paja la pili, ikashika vilevile. Nikakaa kwenye kochi, pembe mbili zimesimama mapajani, kwanza nikapata hasira na nyinyi wote wawili. Halafu hasira ikaniisha, nikaogopa.

Pembe hazina kitu, dada. Pumzi ya mama ndiyo imekwisha. Hawezi tena kunyonya.

Na nilikuwa naona. Anasimama katikati ya ngazi, anajifanya anatafuta ufunguo. Wimbo anauacha kabla haujafika mwisho. Sufuria la maji analitua njiani. Nayaona yote, sikuyaunganisha.

Aliporudi alikuta pembe mezani. Koti hajavua, anahema, akaniuliza kama nimeuona ufa. Nikamwambia ndiyo mama, uko karibu na ncha, ni mdogo. Akakaa, akasema alijua.

Habari za daktari nilijaribu, kabla sijamaliza akauliza kama nimekula. Mimi hanisikii. Wewe anakuogopa kidogo. Njoo, dada, umpeleke wewe. Ila usitafute pembe nyingine. Ukimletea ya tatu nayo itadondoka, na mbele yako atasema nini?

Nisalimie shemeji, na watoto pia, hata kama watajibu kwa Kiingereza. Mungu awalinde barabarani.

Mdogo wako,
Jovini

Duara mbili bado ziko mapajani, nyeusi, zote sawa. Ukifika nitakuonyesha, usije ukasema nimeota.