Koti la Baraka Kwenye Picha Yangu

Alhamisi. Hapa Njoro ni baridi, na ukungu umekalia mashamba ya ngano tangu asubuhi.

Ni wiki ya sita tangu niwe mke wa Baraka, na ya nne tangu aende kazi Naivasha, kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme. Nikiandika "mume wangu" bado natabasamu peke yangu.

Nina hamu naye hadi kifua kinauma.

Kabla ya hapo alichimba mawe meupe Kariandusi. Siku yake ya mwisho machimboni aliniletea kipande, amekifunga kwenye leso. Chini ya hadubini, zawadi ya harusi kutoka kwa mwalimu wangu wa bayolojia, unga wake ni magamba madogo ya mwani wa ziwa la kale, kama vioo vilivyotobolewa kwa sindano. Moja ni duara kabisa. Kama pete yangu!

Nataka picha ya duara hilo ikubaliwe na maktaba ya picha mtandaoni kabla hajaja Jumamosi. Jiwe lake, jicho langu.

Wamekataa mara mbili. Kwanza, kingo hazikuonekana vizuri. Nikajifunza kupiga picha kumi na mbili, nikisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha kuziunganisha kwa kompyuta. Mara ya pili wakaandika: vumbi. Nikapangusa lenzi, nikaosha vioo vya kuwekea unga, nikapiga upya. Madoa yako pale pale.

Jana nikamlalamikia Baraka kwa simu.

"Wanasema ina vumbi."

"Si ni vumbi umepiga, mrembo?" Akacheka hadi akakohoa. "Hebu niambie, ukipiga huwa umevaa nini?"

"Koti lako."

"Lile la machimbo? Wewe! Hujalifua?"

Sijalifua, wacha nikiri. Kola bado ina harufu ya Baraka. Na kila nikiinama, mikono ya koti inamwaga unga mweupe juu ya kioo.

Ni mimi niliyekuwa nikiharibu picha yetu.

Leo nimelitundika koti nje kwenye kamba, nikafanya kazi nikitetemeka kwa baridi. Duara limetoka safi, linang'aa! Nimeituma picha. Jibu ni baada ya siku mbili.

Kisha nikachukua beseni na sabuni. Nikashika kola, nikainusa, nikarudisha beseni.

Koti nitalifua Jumamosi, mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Kabla ya hapo siwezi.

Hadubini nimeifunika vizuri. Koti nimelivaa tena.