Sauti ya Pili ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimempeleka shangazi hospitali. Uvimbe wa shingoni lazima utolewe, Jumatatu ijayo. Daktari hakuficha kitu: sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, inaweza kurudi na mkwaruzo, inaweza isirudi kabisa. Shangazi akauliza kama wodini wanaruhusu redio. Basi! Hilo tu.

Na huyu ndiye aliyeimba sauti ya pili kwenye bendi kabla mimi sijazaliwa. Njia nzima nilitazama nje ya dirisha, asinione machozi.

Jumanne, 4 Machi

Kaka amekuja mbio. Tunamwita Bando, maana intaneti haimwishii hata usingizini. Akautafuta wimbo wa bendi ile kwenye simu — akaupata papo hapo! Wimbo wa zamani vile, na mtu anaweza kuusikia akiwa kwenye foleni ya benki. Simu ni muujiza, tusidanganyane.

Shangazi alisikiliza kichwa upande.

"Mimi niko wapi?"

Hayupo. Walioupandisha mtandaoni wameusafisha mikwaruzo, na sauti ya pili wameipepeta pamoja na makapi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumeitoa kabatini santuri yenyewe ya wimbo ule. Shangazi haruhusu mtu kuigusa usoni. Ameishika kingoni kwa viganja, kama sinia la chai ya wageni. Sindano ikashuka. Mkwaruzo kidogo — halafu bendi nzima ikaingia chumbani! Besi niliisikia kwenye mbao za meza. Na nyuma ya mwimbaji, chini kidogo, msichana mmoja anambeba kama mtu anayeshikilia ngazi.

"Yule pale," shangazi akasema.

Bando akainama, akasogeza sikio karibu na santuri.

Ila santuri ni malkia mwenye masharti: meza iwe sawa, mtu asikanyage sakafu kwa nguvu. Ubeti wa mwisho sindano inaruka. Na wodini haiendi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipotoka kazini, kwenye duka la rangi (rangi ya mafuta bado iko kwenye kucha), nimewaambia: tumrekodi kabla ya Jumatatu. Tukaanza kugombana mimi na Bando! Yeye: simu, haivumi, nakala kwa ukoo mzima. Mimi: kaseti. Kaseti huvuma kama feni, sawa, na mkanda huliwa na mashine. Lakini ninayo moja ya shangazi akiimba, na katikati anafoka nifunge mlango. Nani angehifadhi hilo kwa makusudi? Bando akasema basi tuchome CD, tukate mzizi wa fitina. CD ni safi kama glasi iliyooshwa, kila neno unalipata. Ila ikikwaruzika kidogo tu, wimbo mzima unashikwa na kwikwi.

Shangazi alikuwa mlangoni muda wote.

"Mnagombea sanduku. Nguo mmeiuliza kama inataka kukunjwa?"

Akaenda zake kulala. Tulitazamana kama watoto waliovunja kikombe.

Jumapili, 9 Machi

Ametuita mwenyewe, baada ya chai. Kavaa vizuri, kapaka na wanja. "Leteni hivyo vitu vyenu. Vyote viwili."

Simu mezani, redio kaseti kwenye stuli. Bando akataka kuweka santuri, shangazi aimbe nayo.

"Hapana. Ya pili ninayo pale tayari. Leo naimba ya kwanza."

Hajawahi kuiimba! Maisha yake yote amewabeba wengine.

Akaanza bila ala yoyote. Sauti nene, imechakaa pembeni, nzuri jamani — nzuri! Ubeti wa kwanza akaumaliza. Wa pili ikamkatika, akashika shingo. Bando akanyoosha mkono azime simu. Shangazi akampiga kofi la vidole.

"Acha iende."

Sasa anakunywa maji ya uvuguvugu. Naandika haya nikiwa nimekaa chini, mkanda unazunguka, unarekodi kikombe chake na kalamu yangu. Ameweka kikombe. Amesimama. Ananitazama mimi, si simu wala kaseti.

"Wewe. Sauti ya pili nani ataimba? Inuka."

Sijui hata naanzia wapi. Ameshaanz—