Mama Mkwe Alipoacha Kuimba

Wambui, mjukuu na wajina wangu,

Hapa Gakindu sote tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama nimekukasirikia, maana barua zangu siku hizi hazina utani.

Miaka ile baada ya uhuru, mama mkwe wangu aliacha kuimba tukichuma kahawa. Nilishuku ananichukia. Naye akadai namwibia mayai, nami nikanuna misimu miwili. Kisha siku moja kiwandani alichanganya kahawa mbichi na nyekundu, yeye aliyenifundisha kuchambua. Ndipo nikajua ugonjwa ulianzia kwenye ule ukimya, kusahau kukafuata.

Sijakukasirikia. Ila hata mimi siimbi tena. Njoo wakati wa mavuno, unitazame nikichambua. Na nikisema umeniibia, usinune kama nilivyonuna mimi.

Nyanya yako