Wimbo Niliokutumia

Hai Cinema, Juba

Kwa Pearl, mjukuu wangu, mwimbaji wetu huko Ureno,

Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya mzee. Mama yako anauza dukani, nami nakaa mlangoni kuwatisha wateja.

Video yako niliiona. Kumbe vijana wenzako wanajifunga shali za bibi zao na kuimba fado, nyimbo za kale za kulia, na wanaokula wanaweka vijiko chini wasikilize! Hapa ungeimba hivyo tungeuliza nani amekufa.

Sasa ule wimbo niliokutumia nikisema ni wa marehemu bibi yako, uliosema utauimba Jumamosi, tafadhali usiuimbe. Niliutunga mwenyewe nikinywa chai. Katikati pale namtukana mbuzi wa jirani. Lugha ya kwetu huijui, nikajua hutanigundua.

Bibi yako Babirye aliimba kila jioni akimenya matoke. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio, nisikie mpira. Sikushika hata neno moja, Pearl, na niliona aibu kukuambia.

Waambie wenzako bibi yako naye aliimba, ila mumewe hakuweka kijiko chini.

Babu yako mwongo,
Ponsiano