Sindano ya Mgongo

Jumatatu, 5 Novemba 2007
Asubuhi nimehasi ndama wawili wa jirani. Mkono bado hautetemeki, na ni mwaka wa saba tangu nistaafu kazi ya mifugo. Mchana nikateremka Nakuru. Daktari amethibitisha: saratani ya tezi dume, imeanza kutambaa kwenye mfupa wa nyonga. Dawa ni kuinyima homoni ya kiume. Njia mbili. Sindano kila baada ya wiki nne, au kisu mara moja, korodani zitoke. Nimechagua sindano. Nimechomwa leo hii. Mama Njeri nimemwambia ni sindano ya mgongo. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, na huu ndio uongo wangu wa kwanza wa maana.

Jumapili, 25 Novemba
Nimetoka kanisani katikati ya mahubiri. Joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, jasho linachuruzika. Na hapa ni Dundori, kwenye baridi, ambako watu wanasali na makoti. Najua kinachoendelea. Nimekiona kwa maksai maisha yangu yote: shingo inanywea, dume aliyekuwa akivunja ua anafuata nyuma ya wenzake. Hakuna jike anayemgeukia tena. Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko kufa. Basi, nimeliandika.

Jumatatu, 3 Desemba
Sindano ya pili. Nilimbana daktari anieleze vizuri. Akachora nyuma ya karatasi ya maabara. Homoni haiikuzi tezi moja kwa moja. Inaingia kwenye chembe hai za tezi, inaziamuru zitengeneze vichocheo vya ukuaji. Vichocheo hivyo ndivyo vinavyoziambia chembe za jirani zigawanyike na zisife. Homoni ikikatika, vichocheo vinapungua, chembe nyingi zinakufa. Kwenye saratani amri ni ile ile, ila hakuna wa kusema imetosha.

Sijui nimehasi madume wangapi, na hilo sikuwahi kulijua. Nilijua koleo na matokeo yake. Njia nzima nilitamani kumsimulia Mama Njeri. Anapenda mambo kama haya, angeuliza maswali mpaka ugali upoe. Nikaingia nyumbani na uongo wangu.

Jumamosi, 15 Desemba
Nimeshikwa.

Tulikuwa tunachagua viazi vya mbegu, nikavua sweta mara ya tatu. Akaniangalia. "Baba Njeri, hiyo joto naijua. Ilinitesa miaka mbili damu ilipokatika. Hakuna sindano ya mgongo inaleta hiyo."

Nikamwambia yote, macho kwenye viazi. Hadi habari ya maksai na majike. Hakulia. Alikasirika, tena vibaya, na si kwa sababu ya ugonjwa. Ni kwa kuwa nilimfikiria kama ng'ombe. Hilo ni neno lake. Alimalizia viazi peke yake hadi chai ya jioni. Kisha akaleta fulana zake za pamba, za wakati ule wa joto lake, akazitupa kitandani. "Vaa. Hizi hunyonya jasho." Zinanibana kwapani. Nimevaa. Nampenda huyu mwanamke, na nilikuwa mjinga.

Jumanne, 22 Januari 2008
Sindano ya tatu nilipaswa kuchomwa mwisho wa Desemba. Mpaka leo hakuna. Dawa hutoka Nairobi na barabara hazipitiki. Tangu matokeo ya uchaguzi watu wanafukuzwa makwao, wengine wanauawa. Naona aibu kuwaza tezi yangu.

Joto limeisha. Kwa siku mbili nilifurahi kama mpumbavu, nikajitazama kwenye kioo. Leo mkojo unatoka matone, nyonga inauma nikikaa. Homoni imerudi kazini. Mama Njeri anaona ninavyotembea. Ameanza kunibebea ndoo ya maziwa bila kuuliza. Naogopa.

Ijumaa, 8 Februari
Njia imefunguka. Tumeteremka wote wawili. Daktari akasema dawa huenda ikaja wiki ijayo, huenda isije. Nikasema kisu. Sauti ilinitoka nyembamba.

Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama ana swali. Alikuwa nalo moja, kama nitaishi. Daktari hakuahidi. Alisema nafasi inakuwa kubwa zaidi, pengine miaka kadhaa. "Basi zitoe. Mimi sikuolewa na hizo."

Daktari aliinamia karatasi zake asicheke. Mimi nilicheka. Halafu nikalia, mbele ya kijana wa umri wa binti yangu. Mama Njeri alinishikia koti mpaka nikamaliza. Nimetia sahihi. Upasuaji ni Jumanne.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua imeshika. Tangu kisu, kipimo cha saratani kwenye damu kimeshuka sana. Nyonga imetulia. Joto limerudi, na halitaondoka, tunapokezana kunipepea kwa upepeo wa harusini wa Mama Njeri.

Leo amekuja na miche sita ya plamu. Nikamuuliza itazaa lini. Akasema mwaka wa nne, wa tano. Akanionyesha pa kuchimba, kisha akaniambia nisogee mbali kidogo na ua, mizizi ipate nafasi. Nimechimba mashimo manne. Mawili nitamalizia kesho baada ya kanisa.