Orodha ya Wabebaji wa Ngobyi

Jumatatu, 6 Machi 2000

Leo nimepiga chapa orodha nne. Riboni ya mashine imechakaa, herufi e inatoka kama doa. Tangu agizo la jiji kuhusu vikundi vya kujitolea litoke, sipati hata muda wa chai. Kila kikundi kinaleta majina ya watu wake. Mimi nayapiga chapa nakala tatu, chef, mkuu wa ofisi yetu, anatia sahihi, kisha kila mtu anapewa kadi yenye picha na mhuri. Mwenye kadi anasamehewa kazi za lazima za Jumamosi. Akiumia akimsaidia mtu, anatibiwa bure. Na kubwa kuliko yote, akiwa na mgonjwa anapita kwenye vizuizi vya barabarani bila kusimamishwa nusu siku. Ndiyo sababu wanakuja wengi.

Wa mwisho walikuwa wa mtaa wa Cibitoke, pembezoni mwa jiji. Wabebaji wa ngobyi, lile kapu refu la kumlaza mgonjwa: miti miwili, mabega manne. Magari hayataki kuingia kule, basi wao wanambeba mtu kwa miguu mpaka hospitali. Kiongozi wao ni Mama Furaha, mkimbizi kutoka Uvira ya Kongo, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Alileta daftari la shule lenye miandiko ya watu watatu. Majina yamechanganyika na maneno: mimba, malaria, risasi mguu. Niliona vurugu tupu. Nikaongeza safu ya tatu, nikaiita Maelezo, nikapanga kila neno mahali pake.

Nilijivunia. Chef Salvator alisema, "Hii ndiyo kazi, Saada." Nilirudi nyumbani Buyenzi natembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Jumanne, 7 Machi

Mvua. Milio ya silaha tangu alfajiri, upande wa juu wa mtaa wa Musaga. Mwenzetu anayekaa huko amefika saa nne, suruali imelowa hadi magotini. Aliketi akaanza kazi.

Chef hakuja kazini. Orodha ziko kwenye folda, hazina sahihi.

Jumatano, 8 Machi

Naogopa.

Saa tano alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya usalama. Ofisi gani, sitaandika hata humu. Mpole, sauti ya chini, viatu safi ingawa nje ni tope. Alimwuliza chef ni kikundi gani kinachopeleka majeruhi hospitali. Chef akasema kuna kadhaa, na kwamba orodha za wabebaji zitakuwa tayari baada ya sahihi. Yule bwana akacheka kidogo.

"Mi sitafuti mwenye kubeba, chef. Natafuta mwenye kubebwa."

Chef alimwambia arudi Ijumaa alasiri.

Alipotoka nilifungua folda. Nikasoma kazi yangu kwa mara ya kwanza. Kuipiga chapa niliipiga, kuisoma sikuisoma. Majina hamsini na moja. Zaidi ya nusu si wabebaji, ni wagonjwa. Watu wanne wana neno risasi. Mmoja anaitwa Liberati, muuza makala, yaani mkaa, risasi mguu wa kushoto, na siku aliyobebwa imeandikwa.

Siku hizi za vita mtu mwenye jeraha la risasi anadhaniwa mwasi, anaulizwa swali moja tu: ulikuwa wapi ulipopigwa? Wengine wamepelekwa kujibu na hawajarudi. Na mimi nimewapangia watu hao wanne safu iliyonyooka.

Chakula kimenishinda. Mama anadhani ni malaria.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekwenda Cibitoke saa ya mapumziko. Nilimkuta Mama Furaha kwenye meza yake ya ndagala, anafukuza inzi kwa gazeti. Nikamwuliza kwa nini waliandika wagonjwa. Alinicheka.

"We mutoto ya bureau, hauna mutu ku kilima? Ngobyi iko vile. Leo nimekubeba, kesho ukipona unaleta bega yako. Mwenye kubebwa ni mwenye kubeba, ni kesho tu haijafika."

Ndiyo desturi yao. Huko vilimani kila nyumba ina bega lake kwenye ngobyi, na aliyebebwa anahesabiwa kuwa mwenzao tangu siku hiyo. Walipoambiwa walete majina ya kikundi, wakaleta kikundi chote. Hawakukosea. Mimi mtoto wa mjini sikujua, na sikuuliza.

Nikamweleza habari ya yule bwana. Kicheko kikakatika. Akaketi juu ya ndoo yake. Akasema Liberati alipigwa akiwa kibandani mwake, risasi imetoka huko mbali, hata hakujua nani anapigana na nani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Usitupe hiyo karatasi, mwanangu. Bila kadi, ku barrière ya barabara wanatuambia tuweke mugonjwa chini. Juzi mama moja alizalia pale chini, mbele ya maaskari. Mutoto hakupona."

Nilikuwa nimekwenda nikitumaini ataniambia nichane. Ningechana kwa amri ya mtu mzima. Sasa sina pa kujificha. Orodha ikipotea, wabebaji wanakosa kadi, na daftari la mapokezi linaonyesha aliyeipokea ni Saada. Orodha ikibaki, kesho alasiri inatoka na yule bwana.

Mimi ni mwoga. Ninaliandika hapa kwa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 10 Machi

Siku ndefu. Niiandike yote.

Nilifika ofisini kabla ya wengine nikatoa agizo lenyewe kwenye kabati. Miezi miwili nafanya kazi kwa agizo hilo, na sijawahi kusoma zaidi ya kifungu cha sita. Kurasa za nyuma zilikuwa zimebanwa pamoja na pini. Nikazibandua. Cha saba, mwajiri asimfukuze mtu kwa saa alizojitolea. Cha tisa, mgeni anayeishi mjini anaweza kujiunga. Cha kumi na moja nilikisoma nimesimama. Majina ya wanaosaidiwa hayaandikwi katika orodha ya ofisi, ili asiwepo mtu wa kuogopa msaada. Orodha yenye majina hayo irudishwe kwa kikundi ikarekebishwe, na ofisi isibaki na nakala yoyote.

Isibaki na nakala yoyote. Kwa Kifaransa ni mstari mmoja. Nimeusoma mpaka nikaukariri kama dua.

Nikampelekea chef. Alivaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta, akasoma tena.

"Hii kifungu iko humu tangu lini?"

"Tangu mwanzo, chef."

"Na sisi?"

"Sisi tuliishia cha sita."

Mvua ilianza kwenye bati. Chef Salvator ana watoto watano na anaogopa kuliko mimi, nimemwona akijibu simu amesimama. Lakini alivuta mhuri. Irekebishwe, akaandika, kwa mujibu wa kifungu cha 11. Akatia sahihi na tarehe. Nakala tatu na daftari la shule zikaingia kwenye bahasha. Alikuwa anaifunga nilipokumbuka karatasi za kaboni. Ukiinua kaboni mpya kwenye mwanga, unasoma kila jina. Nilizitoa kwenye droo vidole vikiwa vyeusi. Chef alinitazama, akazitia ndani, akalamba bahasha.

Saa sita na nusu Mama Furaha alikuja kuichukua. Akatia dole gumba kwenye daftari la kutolea. Alinibana mkono mpaka mifupa ikauma.

Saa tisa yule bwana akaja. Chef alikuwa ameitwa mkutanoni. Nilikuwa peke yangu.

Nilimwambia orodha imerudishwa. Nilimsomea kifungu. Nilikisoma kama mtoto anayesomeshwa juzuu mbele ya maalimu. Alichukua agizo, akalisoma mwenyewe pole pole. Akafungua droo yangu bila kuomba. Akaona pini, kalamu na chanuo langu. Kisha akaegemea meza.

"Lakini mademoiselle ndiye aliandika na mashine. Majina anayakumbuka."

Hapo ndipo nilipodhani nimekwisha. Nayakumbuka yote. Nimesomeshwa kwa kukariri, hamsini na moja si kitu kwangu.

"Mukubwa, kwa siku naandika majina mia mbili. Vidole ndivyo vinasoma, mimi nawaza chakula."

Alinitazama sana. Akaandika jina langu na mtaa wangu kwenye kitabu chake kidogo. Akaondoka.

Nikaosha uso, nikaendelea na orodha ya wachimba mifereji. Nimesema uongo siku ya Ijumaa na sijutii.

Jumamosi, 11 Machi

Sikutoka. Kila gari likipunguza mwendo, nachungulia nyuma ya pazia. Mama ananiuliza kama kuna mwanamume. Nikamwambia yuko mmoja, simtaki. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Jumatatu, 13 Machi

Hakuja mtu nyumbani. Hakuja mtu ofisini.

Chef amefanya jambo la ajabu. Ameandika barua kwa wakubwa wa yule bwana, kwa heshima zote, akieleza kifungu cha kumi na moja na kuambatanisha nakala ya agizo. Ameisaini yeye, kwa jina kamili na cheo. Mwishoni ameongeza kwamba karani alifuata maelekezo yake. Si kweli, mimi ndiye niliyekitafuta kifungu. Amenifunika. Nilipomshukuru alisema nipunguze maneno, nitafute riboni mpya.

Mama Furaha ameleta orodha ya pili. Majina ishirini na mawili, wabebaji peke yao, hakuna maneno pembeni. Nimeisoma neno kwa neno kabla ya kugusa mashine, mara mbili. Yeye ananiangalia, anacheka tena.

"Sasa unasoma kama unachagua mchele."

Liberati hayumo. Mguu bado haujapona.

Jumanne, 14 Machi

Imekwisha.

Alirudi saa nne. Safari hii chef alikuwepo, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nimesikia. Alisema wakubwa wake wamepata barua, na wameagiza achukue orodha ya wabebaji kama sheria inavyosema, basi. Akaipitia. Akauliza mwanamke wa Kongo anaongozaje watu wa hapa. Chef akasema, kifungu cha tisa. Alilitamka lile neno tisa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Yule bwana akakunja karatasi akaitia mfukoni. Alipopita mezani kwangu alisimama.

"Mademoiselle anapenda sana kusoma," akasema.

Akatoka. Nilihesabu hatua zake kwenye ngazi, kumi na nne, kisha mlango wa chini.

Chef aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni. Baadaye akacheka peke yake, kicheko kibaya kama kikohozi, nami nikacheka, na mwenzetu wa Musaga akatuuliza kuna nini. Tukasema hakuna kitu. Nimekula wali sahani mbili. Mama amefurahi, anasema malaria imekwisha.

Jumatano, 15 Machi

Kadi ishirini na mbili zimepigwa mhuri. Walikuja kuzichukua wote pamoja, wakajaza ukumbi: mafundi magari, muuza maji, mwalimu, dada wawili washonaji. Warundi wa kila aina, Wakongo watatu, Mswahili mmoja wa mtaa wetu. Sikujua kwamba anabeba. Mama Furaha aliilaumu picha yake, anasema mpiga picha amemweka sura ya ndagala.

Walirudi saa nane kunieleza. Walitoka hapa moja kwa moja wakampeleka mama mwenye uchungu wa uzazi. Kwenye kizuizi askari alizigeuza kadi mbele na nyuma, akatafuta kosa, akakosa, akainua kamba. Ngobyi haikushushwa hata mara moja. Mtoto wa kike, analia vizuri.

Nilikwenda nyuma ya kabati nikalia kidogo. Si huzuni. Ni kama mtu aliyetua mzigo, anaona mikono inaelea.

Alhamisi, 16 Machi

Idd ya kuchinja. Chef amenipa ruhusa.

Baada ya swala mama alifunga nyama ya kugawa, akaniambia nimpelekee rafiki yangu wa ndagala. Jua lilikuwa zuri, barabara imekauka. Nilimkuta Mama Furaha mbele ya nyumba yake akisuka nywele za jirani. Akaipokea nyama kwa mikono miwili, akaiombea kwa njia yake.

Upande wa pili wa njia kulikuwa na kibanda cha makala. Mwanamume ameketi, mguu mmoja amenyoosha juu ya gunia, fimbo pembeni. Mama Furaha akamwita kwa jina.

"Liberati! Huyu mutoto leo iko na nyama ya kuchoma. Muchagulie makala muzuri."

Ana umri kama wangu. Sikujua. Nilidhani ni mzee. Akanisalimu, akanitakia Idd njema, akachambua kipande kimoja kimoja, vile vikubwa vinavyolia kama kigae. Akanisaidia kufunga mfuko. Akaniuliza kama mama yangu anaweka ndimu kwenye nyama. Nikasema anaweka.

Hanijui, wala hajui kwamba jina lake lilipita kwenye mashine yangu. Mama Furaha alikuwa anasuka, hakuinua kichwa.

Nimerudi nyumbani. Tumekula. Nimelala mchana mpaka alasiri, mlango wazi.